Fundi wa Makochi Alipolipia Kiti

"Nilipe nikae?" kaka yangu alifoka, mpaka abiria wa karibu wakageuka kumtazama. "Mimi? Miaka thelathini na minane nawatengenezea watu pa kukalia, leo nitoe pesa yangu ili nikae?"

"Hulipii kiti, kaka. Unalipia mguu."

"Mguu ni wangu, sijaukodi."

"Basi uambie ushuke, kama ni wako na unakusikia."

Mguu haukusikia. Ulikuwa umevimba tangu kwenye ndege ya kwanza, ule wa kulia, kutoka kisigino mpaka karibu na goti, umebana kama mto ulioshindiliwa pamba na mtu mwenye hasira. Kiatu alikuwa amekishika mkononi. Tulikuwa tumeshuka saa moja asubuhi, na ndege ya pili ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja za kungoja. Mhudumu aliyemsaidia kaka kushuka ngazi alikuwa ameshatuonya: "Mzee, mguu ukiwa hivi jioni, mlangoni watakuzuia. Hawatakupandisha mpaka daktari aandike barua, na daktari wa hapa labda umpate kesho."

Kesho haikuwemo kwenye tiketi. Zilikuwa tiketi za bei nafuu, zile ambazo ndege ikikuacha, na tiketi imekufa. Alizilipia binti yake wa pekee, muuguzi, ambaye hatukuwa tumemwona kwa miaka saba. Tangu mwaka uliopita alikuwa anajibana kwenye mshahara wake, na alipokaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza akatuma tiketi mbili: moja ya babu, moja ya shangazi wa kumshika babu mkono. Mama yake, yaani wifi yangu, alibaki nyumbani kwa sababu hapandi kitu kisichogusa ardhi. Kwa hiyo mguu ule ukikataa kushuka, mtu alikuwa anakosa kumwona mwanawe na mjukuu wake, na hapakuwa na tiketi nyingine ya kumfikisha.

Hayo yote aliyajua. Lakini kumwambia Sponji akae ni kama kumwambia paka aoge.

Sponji ndilo jina analoitwa na mji mzima. Ukimletea kochi, hakuulizi limeharibika wapi. Analidunga kwa kidole mara moja, kisha anakwambia sponji ina umri gani, aliyeiweka alikuwa na haraka kiasi gani, na nani katika nyumba yako ni mnene. Karakana yake iko katikati ya kinyozi na mahali pa kuoshea magari. Humo ndani utamkuta amesimama, au amepiga magoti, misumari midogo imepangwa midomoni, anaitema mmoja mmoja kwenye vidole bila kuangalia. Anakula amesimama. Anakunywa chai amesimama. Mteja akija anakaribishwa kiti, yeye anaegemea ukuta. Ukimuuliza kwa nini hakai, anajibu kwamba akikaa anaanza kusikia kasoro.

Na nyumbani kwake? Usicheke. Sebule yake haijawahi kuwa na kochi lake mwenyewe. Karakana ni ndogo, kwa hiyo makochi yaliyokwisha na yasiyolipiwa hukaa sebuleni kungoja wenyewe. Wifi yangu amekaa kwenye makochi ya mji mzima. Mwezi huu la mwalimu mkuu, mwezi ujao la mwenye duka la dawa. Akizoea moja, mwenyewe anakuja na mkokoteni. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Wamelichukua la kijani," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Basi huyo ndiye niliyekuwa nambembeleza akapumzishe mguu.

Kwanza tulijaribu vya bure. Ukumbi wa kungojea ndege una viti vya chuma, na kila kiti kina mikono miwili ya chuma, ili mtu asije akajinyoosha. Aliyevibuni alikuwa na kisa na watu wenye usingizi. Kaka alikaa dakika tano, akasimama, akainama kuvikagua chini. "Skrubu nane kwa kiti kimoja," alisema. "Hawa hawakutaka kukalisha mtu. Walitaka asikiibe."

Nikatandika kanga sakafuni pembeni, nikamlaza, miguu juu ya begi. Daktari wetu alikuwa amesema hivyo hivyo: safari ndefu, miguu ipande juu kuliko kifua. Dakika kumi hazikufika, akaja askari.

"Mzee, hapa ni njia."

Tukahamia karibu na dirisha.

"Mzee, hapa napo ni njia."

"Basi nionyeshe pasipo njia," kaka akamwambia.

Yule askari, kijana mstaarabu kwa kweli, akanyoosha kidole kwenye mlango wa vioo juu yake pameandikwa CHUMBA CHA MAPUMZIKO. Nikaenda kuuliza bei. Nikarudi. Nikaitaja. Hapo ndipo ulipoanza ule ugomvi wa nilipe nikae, na ukatuchukua asubuhi iliyobaki.

Sasa nikuambie kuhusu pesa, maana ndiyo iliyotukosanisha. Kwenye ncha ya leso yangu nilikuwa nimemfungia kaka pesa yake ya mkasi. Alikuwa amesikia kwamba huko tunakokwenda kuna mikasi ya kukatia ngozi inayopita kama kisu kwenye siagi. Alidunduliza mwaka mzima, akanikabidhi mimi kwa sababu yeye mifuko yake yote ina matundu ya misumari. Bei ya watu wawili kuingia mle ndani ilikuwa sawasawa na mkasi huo, zikibaki senti za peremende.

"Ingia peke yako," nilimwambia. "Mimi nitangoja nje. Itabaki nusu ya mkasi."

"Nusu ya mkasi ni kisu," alisema. "Na wewe ubaki nje kama mzigo? Ama wote ama hakuna."

"Basi wote."

"Basi hakuna."

Ilipokaribia saa sita nikautazama ule mguu. Kidole gumba kilikuwa kinang'aa. Nilifungua leso, nikaenda mapokezi, nikalipa, nikarudi na karatasi mbili.

Aliziangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Umenunua nini?"

"Kukaa kwako."

"Utanilipa mkasi wangu."

"Nitakulipa."

"Wote. Na mpini wake."

"Na mpini wake. Twende."

Dada wa mapokezi alitueleza kwamba karatasi inaruhusu saa sita tu, halafu unatoka au unalipa upya. Hili wengi hawalijui, na nakuambia bure: wanaoingia asubuhi na mapema hutolewa kabla ya ndege yao, wamelipa na bado wanarudi kwenye vyuma. Sisi ubishi wa kaka ulitufikisha saa sita mchana, na saa sita za karatasi zikaishia sawasawa na ndege. Sikumwambia. Angejisifu mpaka leo.

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri, zulia, bafu lenye maji ya moto, chai, mikate, mayai, supu na matunda yaliyokatwa. Ukutani pameandikwa WIFI BURE. Nilicheka peke yangu. Wifi yangu mimi nimemjua miaka thelathini, hajawahi kuwa bure hata siku moja.

"Kama nimelipa mkasi," kaka alisema, "basi nitaula wote." Akapakua sahani tatu, akala amesimama, macho kwenye viti. Halafu akaanza. Akaviinamia kimoja kimoja. Akapinda ncha ya kitambaa. Akapindua kiti kizima, miguu juu, mbele ya bwana mmoja aliyevaa tai.

"Stapla!" alisema. "Tazama, mdogo wangu. Ngozi nzuri namna hii wameipiga stapla kama karatasi za shule!"

Mhudumu akaja mbio. "Mzee, kuna tatizo?"

"Lipo, lakini si langu."

"Kaka," nilimwambia huku nimeuma meno, "mguu."

Alikagua viti kumi na saba. Nilihesabu. Cha kumi na nane, kwenye kona, ni kile kirefu ambacho ukivuta mpini kinanyanyua miguu. Akakipiga ngumi, akasikiliza. Akakipiga tena. "Hiki," alisema polepole, "kimetengenezwa na mtu anayejua kukaa." Akakikalia. Nikavuta mpini. Miguu ikapanda, mgongo ukashuka, macho yakafumba, na kabla sijamfunika kanga kaka yangu alikuwa anakoroma. Saa saba kamili.

Nilimwangalia, moyo ukatulia. Nikachukua simu nimpe wifi habari njema. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba lakini kuandika naandika, na niliandika hivi:

*Wifi, kaka amepumzika saa saba kamili. Alihangaika sana na mguu lakini mwisho ametulia. Nimelipia chumba, kina baridi nzuri, wanamtunza vizuri. Usiwe na wasiwasi.*

Nikatuma, nikaweka simu kwenye umeme kule ukutani, nami nikajinyoosha.

Wewe uliyesoma umeshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa nimechoka, na kwangu mtu aliyepumzika ni mtu aliyepumzika.

Wifi hakuwa na miwani. Alimpa simu kinyozi wa pale jirani amsomee, na kinyozi ana sauti ambayo akikuuliza unyolewe vipi mtaa mzima unajua. Akasoma kwa sauti hiyo.

Niliamka saa tisa na nusu. Kwenye simu nilikuta nimepigiwa mara arobaini na tatu. Nikageuka kumwangalia kaka. Kiti kitupu. Kanga imekunjwa vizuri. Simu ikalia tena mkononi.

"Wifi?" nilisema. Nyuma yake nilisikia watu wengi na kilio.

"Wifi yangu," alisema, sauti imekwisha, "wamemweka wapi?"

"Nani?"

"Mume wangu!"

"Mumeo yupo hapa..." Nikaangalia kiti tena. "Hayupo."

Kilio kikapanda kule kama moto uliomwagiwa mafuta. Mimi roho juu, nazunguka chumba, naangalia bafuni, kwenye chai, kwenye supu. Halafu nikaona nyayo mbili zimechomoza chini ya kochi refu, mmoja wa kawaida, mmoja mnene.

"Nimemwona!" nikapiga kelele. "Yupo chini!"

"Chini?" Hiyo ilikuwa sauti ya kinyozi. "Jamani, wameshamzika!"

"Chini ya kochi, wewe mpumbavu! Anakaza skrubu!"

Kweli alikuwa anakaza skrubu, kwa mpini wa kijiko cha chai. Alikuwa amelala saa moja tu, akaamka, akakumbuka kwamba lile kochi refu lilikuwa linayumba, usingizi ukamtoka. Saa moja na nusu nzima alikuwa magotini. Nilimvuta kwa kisigino. Mguu ulikuwa umeanza kushuka, sasa ulikuwa unarudi. Nilitamani kumpiga na kile kijiko. Badala yake nikamsukumia simu sikioni.

"Hebu mwambie mkeo kwamba hujafa."

"Nani kafa?" aliuliza.

"Wewe!"

Akashika simu. "Mke wangu?"

"Nani wewe?" wifi akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani? Uko wapi?"

Kaka alinitazama, nilivyokuwa nimesimama na kijiko, akaona heri adanganye. "Nimekaa tu hapa kwenye kiti."

Nilimsikia wifi akipenga kamasi.

"Umekaa?" wifi alisema. "Mume wangu mimi hajawahi kukaa. Wewe tapeli, mwite wifi yangu!"

Ilibidi amtajie kochi la kijani, na ile ndoo, ndipo akamwamini. Na alipoamini, hakushukuru. Alilia upya, na safari hii kwa hasira. Alikuwa anasikika mpaka kwa bwana wa tai.

"Mimi nimekulilia saa mbili nzima," alisema. "Nyumba imejaa watu. Na unajua nilikuwa nalia nini? Nilikuwa nalia kwamba miaka yote hii hujakaa na mimi hata kwenye kochi la mtu. Nikikwambia njoo ukae, unaniambia ngoja nikaze hapa. Halafu ndiyo basi, umekufa, hujakaa!"

"Sijafa, mke wangu."

"Basi panda kwenye hicho kiti kweli. Miguu juu. Na simu usikate, nataka nisikie hicho kiti."

Nimekuwa nikimwambia kaka yangu la kufanya tangu nilipojua kusema, na sijawahi kumwona akitii kama alivyotii pale. Alichechemea mpaka kwenye kona, akakaa, akavuta mpini mwenyewe. Kiti kikalia *kraaa*.

"Ndicho hicho?" wifi aliuliza.

"Ndicho."

"Kina springi?"

"Kina springi na pamba juu. Kimeshonwa kwa mkono pembeni."

"Rangi gani?"

"Kahawia. Kama lile kochi la mwenye saluni."

"Usinitajie mwenye saluni," wifi akasema. "Amekuja hapa kukulilia, akakuta watu sita wamekalia kochi lake. Akalia kidogo, akawanyanyua, akalikagua, akarudi kulia. Sasa anauliza, kwa kuwa hukufa, litakuwa tayari lini?"

Kaka alicheka mpaka tumbo likatikisika, lakini miguu haikushuka. Wakaendelea. Saa moja na nusu mke na mume walizungumza, yeye amelala na simu kifuani, mke anamweleza nani alilia kweli na nani alilia huku anaulizia chai. Wifi hiyo ya ukutani ilikuwa bure, na ile ya nyumbani kwa mara ya kwanza ilikuwa haimalizi maneno. Mimi nilioga kwa maji ya moto, nikarudi, bado wanazungumza. Nikaleta mto wa pili, nikauweka chini ya kisigino. Sikusema lolote, maana mtu akifanya unachotaka, usimkumbushe kwamba ulitaka.

Saa kumi na moja nilimpa kiatu. Nilikuwa nimeshatoa kamba yote. Aliingiza vidole, akasukuma, akauma meno. Kikakwama kwenye kisigino. Nikachukua kile kijiko cha chai, nikakitia nyuma ya kisigino. Kiatu kikaingia. Tukatazamana kama wezi.

Mlangoni kwa ndege dada mmoja aliangalia tiketi, halafu akaangalia miguu. Nadhani waliachiana taarifa.

"Mzee, mguu ukoje?"

"Umepumz..."

Nikamfinya mbavu. "Umeshuka," nilisema. "Mguu umeshuka, mwanangu. Uangalie mwenyewe."

Akainama, akaangalia. Ulikuwa bado mnene, sikatai. Lakini ulikuwa ndani ya kiatu, na ngozi ya juu ilikuwa imeanza kukunjana kidogo kama ngozi ya mtu. Akachana tiketi, akatukabidhi vipande. "Kule ndani mwombe mhudumu kiti cha mbele, mzee. Uunyooshe mguu."

Watu wananiuliza siku hizi, hasa wale ambao watoto wao wako mbali: je, kile chumba kinafaa, au ni kuliwa pesa? Nami huwajibu kwa mguu. Kama miguu yako ni mizima na una saa tatu, nunua chai ukae kwenye vyuma, usijifanye tajiri. Kama una saa nyingi na mwili una neno lake, lipa. Ila uliza kwanza saa ngapi wanaruhusu, uliza kama kuna kiti cha kunyoosha miguu, maana vingine vina viti vya kupigia picha tu. Na ukimwandikia mtu nyumbani, andika "amelala."

Tulifika. Binti yake alitupokea akiwa na mtoto kifuani, na kabla hajamsalimia baba yake vizuri alipiga goti pale pale, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akahesabu shimo linarudi baada ya muda gani. Uuguzi ni ugonjwa. "Baba, hapa palikuwa pabaya," alisema. "Ungekuja nao ukining'inia saa zote hizo, ningekupeleka hospitali badala ya nyumbani. Shangazi, ulimfanyaje?"

"Nilimkalisha."

"Uongo!"

Nyumbani kwake kuna kochi moja, dogo. Kaka alilidunga, akakunja uso, nikajua anataka kulipindua. Lakini binti alimwekea mtoto mikononi, na mwenye mtoto wa siku kumi na mbili hapindui kochi. Akakaa. Mtoto akalala. Kaka akawa hathubutu hata kukohoa.

Nikaona huo ndio wakati, kwa sababu hawezi kupiga kelele. Nilikuwa na pesa zangu kidogo, za biashara yangu ya nyuzi na vifungo, nimezishona kwenye pindo la sketi. Nilizifumua chooni, nikarudi, nikaziweka mezani mbele yake.

"Za mkasi," nilinong'ona. "Si zote. Nyingine nitaleta tukirudi. Na za mpini."

Hakuziangalia. Alikuwa anaangalia sikio la mtoto, kama anatafuta mshono.

"Ondoa takataka hizo," alisema kwa sauti ya chini. "Hudaiwi."

"Ulisema nikulipe wote."

"Nilisema. Sasa nasema hudaiwi."

"Hata mpini?"

"Hata mpini. Nisogezee huo mto, niweke mguu."